Navratri, Diwali, Vaisakhi au Mwaka Mpya wa Kichina: Uanze na Ipi Kampala?

Kila mwaka Oktoba ikikaribia, vikundi vya mtaani hapa Kampala huanza kuulizana: safari hii twende wapi? Mwalimu anatafuta pa kuwapeleka wanafunzi wakaone kitu tofauti na wanyama wa Entebbe. Akina mama wa chama huko Kisenyi wanataka jioni moja ya kutoka pamoja. Vijana wanataka ngoma. Sherehe za watu wenye asili ya Asia zipo mjini, na nyingi hazimfungii mgeni mlango, ila watu wengi huchagua kwa kutazama bango. Lenye rangi nyingi ndilo linaloshinda. Ndiyo maana wengine hushinda kwenye viti vya plastiki wakisikiliza hotuba, wakarudi nyumbani wakiamini kwamba utamaduni wa Asia ndio huo.

Hapa nalinganisha sherehe nne ambazo mtu wa Kampala anaweza kuzifikia bila taabu: Navratri, Diwali, Vaisakhi na Mwaka Mpya wa Kichina. Nyingine nitazigusa njiani. Msimamo wangu nautanguliza ili usome ukiujua: kabla ya kuuliza sherehe ina nini, uliza mgeni anapewa nini cha kufanya. Sherehe ambayo wenyewe wangeifanya hata usingekuja, na bado wakakusogezea nafasi ulipotokea, itakuachia mengi kuliko onyesho lililopangwa ili ulitazame.

Wenye shughuli ni akina nani

Historia haikwepeki hapa, maana ndiyo inayoamua utapokelewa vipi. Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria 1901, kwa mikono ya vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, wengi wao Wapunjabi. Wafanyabiashara wa Gujarat na Kutch walikuwa wametangulia Pwani zamani. Alidina Visram, aliyeanzia Bagamoyo, mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa na maduka hadi Kampala. Kwa hiyo unapoona sherehe za Wahindi mjini, nyingi ni za Wagujarati, na Vaisakhi ni ya Wapunjabi, hasa Masingasinga.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Makumi ya maelfu waliondoka na mabegi yao tu. Maduka yakagawiwa, mahekalu yakabaki bila waumini. Waliorudi miaka ya 1990, pamoja na wageni waliokuja kutoka India baada ya hapo, walizifufua sherehe hizi kwanza kwa ajili yao wenyewe, ili watoto wao wasizisahau. Zimejengeka ndani kwa ndani. Hakuna aliyekaa kupanga namna ya kumfurahisha mtazamaji, na ndiyo maana mgeni mara nyingi huambiwa habari zake na rafiki wa kazini badala ya kuzisikia redioni.

Wachina wa Kampala ni wa karibuni: makandarasi, wenye viwanda na maduka, walimu wa lugha. Sehemu kubwa ya shughuli zao za hadharani hupitia ubalozi na Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyoanza 2014. Sherehe yao imepangwa tangu mwanzo ili Mganda aje aone. Kuna ratiba, kuna mshereheshaji, kuna jukwaa. Ukizipima sherehe hizi nne kwa urahisi wa kuingia, ya Kichina inaongoza. Ukizipima kwa kukaribiana na watu, mambo yanageuka.

Mgeni anafanya nini

Navratri ni usiku tisa wa kumtukuza mungu wa kike, na kwa Wagujarati usiku huo ni wa garba. Katikati ya uwanja huwekwa picha ya mungu huyo, au chungu cha udongo chenye matundu na taa ikiwaka ndani, na watu wanakizunguka. Hatua ya kwanza ya kujifunza ni makofi. Unasogea hatua, unapiga kofi. Unageuka kidogo, kofi. Unarudi nyuma, kofi tena, na kila kofi linakwenda na kuinama kidogo kiunoni. Mwanzoni ngoma ya dhol hupigwa polepole kiasi kwamba bibi na mjukuu wake wanakwenda sawa. Baadaye mwendo unapanda, mduara unagawanyika kuwa miwili au mitatu: wa ndani wa mahodari, wa nje wa wanaojifunza. Simama wa nje, utazame miguu ya aliye mbele yako, mikono itakuja yenyewe.

Kisha inakuja raas ya vijiti, dandiya. Mistari miwili inatazamana, kila mtu ana vijiti viwili. Unagonga cha kulia kwa cha mwenzako, halafu cha kushoto, unagonga vyako viwili pamoja, unazunguka, na mstari unasogea nafasi moja. Mgongano unaofuata unampata mtu mwingine. Wimbo mmoja haujaisha, umeshatazamana uso kwa uso na nusu ya ukumbi: mwenye duka la vitambaa, daktari, binti wa sekondari, mhasibu aliyefika majuzi kutoka Ahmedabad. Hili nalipenda kuliko yote. Mjini hapa Mwafrika na Mhindi wanaweza kusimama nyuma ya kaunta moja miaka kumi bila mmoja kujua mwenzake anakula nini jioni au anacheka nini. Vijiti vinawaweka mahali ambapo hakuna bosi wala mwajiriwa, kuna anayejua kuhesabu pigo na anayelikosa. Anayelikosa hucheka, na mwenzake humngojea.

Desemba 2023 UNESCO iliingiza garba ya Gujarat kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Nguo za magome ya mutuba za Uganda zimo katika orodha hiyohiyo tangu 2008. Kijana wa Kiganda anayeujua mutuba ana cha kuwasimulia wenyeji wake usiku huo, naye asiende mikono mitupu ya maneno.

Diwali ni maarufu zaidi, na watu wengi wakisema wanataka sherehe ya Kihindi huwa wanamaanisha hiyo. Kwa mgeni, naiweka chini ya Navratri. Diwali kiini chake kiko nyumbani: taa za udongo zenye mafuta na utambi kwenye kizingiti, michoro ya unga wa rangi sakafuni, peremende kwa majirani, ibada ya Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, ndani ya familia. Wafanyabiashara Wagujarati hubariki vitabu vyao vipya vya hesabu siku hiyo, maana mwaka wao mpya unaanza mara tu baada yake. Yanayofanyika hadharani ni sehemu ya pembeni: maonyesho ya jukwaani, vibanda vya chakula, halafu fataki. Utatazama juu, utapiga picha, utaondoka. Ila kama jirani yako au mwajiri wako Mhindi amekualika nyumbani kwake, acha vyote nenda huko. Mwaliko wa nyumbani unashinda tiketi yoyote.

Na kuna upande wa Diwali ambao haujulikani sana na Waganda: Annakut, siku moja au mbili baada ya usiku wa taa. Katika mahekalu ya Swaminarayan, mojawapo ya madhehebu ya Kihindu, waumini hupanga mbele ya sanamu za miungu mamia ya vyakula, ngazi juu ya ngazi, kila familia ikiwa imepika chake. Keki zimekaa kando ya maandazi matamu, matunda yamechongwa, kachori zimejengwa kama mnara. Ni mchana, ni kimya, na mtoto anaweza kusimama akahesabu. Kwa familia isiyopenda kelele za fataki, Annakut ndiyo Diwali ya kuiona. Ujue tu kwamba wanaume na wanawake hukaa sehemu tofauti ndani ya hekalu, jambo ambalo Waislamu miongoni mwetu hawatalishangaa.

Vaisakhi, tarehe 13 au 14 Aprili, ni ukumbusho wa mwaka 1699 ambapo Guru Gobind Singh, kiongozi wa kumi wa Masingasinga, aliunda Khalsa, jumuiya ya waumini waliobatizwa, huko Anandpur, India. Kwenye gurdwara, yaani hekalu la Masingasinga, bendera ya Nishan Sahib huteremshwa, mlingoti huoshwa na kuvikwa kitambaa kipya, kisha hupandishwa tena huku watu wakiimba. Ndani kuna nyimbo za ibada kwa kinanda cha mkono na ngoma ndogo za tabla. Mara nyingine vijana huonyesha gatka, mchezo wao wa panga na fimbo. Yote hayo utayatazama. Halafu inakuja langar, mlo wa pamoja, na hapo utazamaji unakwisha.

Unavua viatu, unaosha mikono, unakaa sakafuni kwenye mkeka mrefu bega kwa bega na yeyote aliyetangulia. Hakuna meza ya wageni wa heshima. Watu wanapita na ndoo: dengu, mboga, wali wa maziwa, na kikapu cha roti. Roti unaipokea kwa mikono miwili ikiwa wazi. Omba kidogo, utaongezwa. Kubakiza chakula ndiyo aibu. Ukishiba, ingia jikoni uulize pa kusaidia. Utapewa beseni la vyombo, au kibao na mpini wa kusukumia roti kama unajua kusukuma chapati, na katika Uganda nani hajui? Mganda anayesukuma roti katikati ya akina mama wa Kipunjabi hahitaji mshereheshaji wa kumtambulisha. Waliosafiri kwa barabara ya Mombasa kwenda Nairobi wanalijua jambo hili kutoka Makindu, kwenye gurdwara iliyojengwa 1926 kando ya reli, ambako madereva wa malori na abiria hula bila kuulizwa dini yao. Kampala nayo ina gurdwara, na mlo huo hautolewi Vaisakhi peke yake. Ukikosa Aprili, Jumapili yoyote ya kawaida inakufaa.

Mwaka Mpya wa Kichina unakuweka kwenye kiti kwa muda mrefu zaidi, na lazima nilikiri jukwaa lao ni zuri. Simba huchezwa na watu wawili ndani ya vazi moja, mmoja kichwa na mwingine mgongo, kwa ngoma, gongo na matoazi. Tazama sehemu ya mboga: majani ya saladi yananing'inizwa, mara nyingi na bahasha nyekundu ya pesa ndani yake. Simba anayakaribia, anaogopa, anarudi nyuma, anapepesa macho, mwishoni anayadaka na kuyatapika majani kuelekea kwa watu ili kila mmoja apate baraka. Watoto hupiga mayowe hapo. Kinachonigusa zaidi ni kwamba Makerere wanaopanda jukwaani kuimba Kichina na kucheza kungfu wengi huwa ni wanafunzi wa Uganda. Wengine ndio hao hao wanaoshindana kwenye Chinese Bridge, shindano la lugha ya Kichina kwa wanafunzi wa vyuo, ambalo lina duru ya Uganda kabla ya ile ya kimataifa. Pembeni ya jukwaa huwa kuna meza za kukata karatasi nyekundu na za kuandika kwa brashi na wino. Wengi huzipita haraka wakiwahi viti vya mbele. Fanya kinyume: kaa mezani, uache nusu ya hotuba ipite.

Holi, sherehe ya kupakana rangi mwezi Machi, inakushirikisha kuliko zote, kwa maana utarudi nyumbani ukiwa kijani. Inafaa vijana wenye fulana za zamani. Kwa kikundi chenye wazee na wachanga siipendekezi. Siku ya yoga, 21 Juni, ni mazoezi ya asubuhi, nenda ukipenda mazoezi. Karate ya Wajapani na taekwondo ya Wakorea zina wafuasi Waganda mwaka mzima kwenye kumbi za mazoezi, na mtoto aliyevutiwa atafaidika zaidi kujiandikisha huko kuliko kungoja onyesho la siku moja.

Imani yako na ya kwao

Swali hili Waislamu na Walokole huniuliza kwanza, wengine kwa sauti ya chini. Wana haki ya kuuliza, maana tatu kati ya sherehe hizi nne ni za ibada.

Kwenye hekalu la Wahindu utaona watu wakisujudia sanamu na taa ikizungushwa. Mgeni hukaa kimya nyuma, hakuna atakayekulazimisha. Ugumu uko kwenye prasad, yaani chakula kilichokwisha kutolewa kwa mungu wao kwanza, halafu kugawiwa waliohudhuria. Vyakula vya Annakut ni vya namna hiyo. Mwenye dhamiri inayomkataza anaweza kuweka mkono kifuani na kushukuru bila kupokea, na wenyeji wanaelewa. Mimi si sheikh wala mchungaji, sitamwamulia mtu. Nakwambia mapema ili usijikute umeshapokea ndipo uanze kuuliza.

Gurdwara haina sanamu. Watu huinama mbele ya kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib. Wewe unaweza kuketi tu, ila usinyooshe miguu kuelekea kilipo. Ukumbini hugawiwa karah prashad, halua ya unga wa ngano, samli na sukari, nayo pia ni ya ibada. Langar yenyewe ni mlo wa udugu kwa kila anayekuja, na wengi wanaosita kwenye halua hula langar bila wasiwasi. Kwa mtu mwenye shaka ya dini, ndiyo maana naiona Vaisakhi nyepesi kuliko Diwali ya hekaluni. Kichwa kifunikwe, mwanamume kwa mwanamke. Mtandio au kitambaa ndicho bora, na kwa kawaida vipo mlangoni vya kuazima. Sigara usiingie nayo hata mfukoni.

Garba ya ukumbini iko katikati. Inaanza kwa ibada fupi ya taa, aarti, kisha ngoma. Ukifika baada ya aarti utakuta watu wanacheza tu. Mwaka Mpya wa Kichina wa chuoni hauna ibada.

Chakula

Kwenye mahekalu na gurdwara chakula ni cha mboga na nafaka, hakuna nyama, hakuna pombe. Mwislamu haulizi kachinja nani. Kwa Swaminarayan hata kitunguu na kitunguu saumu havitumiki, na bado pilipili, tangawizi na ndimu vinatosha kukufanya usivikumbuke. Atakayelalamika ni kijana aliyetegemea kuku.

Kwa Wachina hali ni nyingine. Jiaozi, vifurushi vya unga vinavyofanana na sambusa zilizochemshwa, ndicho chakula cha mkesha, na kujazwa nyama ya nguruwe ni jambo la kawaida sana. Mafuta ya kukaangia nayo yanahitaji kuulizwa. Karamu za hotelini huwa na pombe. Kikundi chenye Waislamu kiende kwenye shughuli ya mchana ya chuoni, kishibe nyumbani kwanza, na kiache karamu.

Saa, watoto, usafiri

Garba huanza watu wamekwisha kula, saa tatu usiku au zaidi, na hupamba moto saa tano. Hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Watoto wadogo watalala kwenye viti, na kurudi Kawempe au Nansana usiku wa manane kunataka gari la kukodi mlilokubaliana bei kabla ya kwenda. Dada zangu, msipande bodaboda na sketi pana ya garba ikipepea. Kitambaa hunaswa na gurudumu. Ikunjeni na kuifunga, au mvalie ukumbini. Miguuni kandambili hazifai. Wengi hucheza pekupeku.

Diwali nayo ni ya usiku, na mtoto mwenye pumu akae mbali na moshi wa fataki. Annakut na Vaisakhi ni za mchana, teksi za kawaida zinakurudisha. Shughuli ya Makerere huwa mchana pia, na kwa shule ni rahisi kuliko zote: mwalimu anaandika barua, anapewa nafasi, basi linaegeshwa ndani ya chuo.

Pesa na namna ya kuingia

Langar ni bure kabisa. Kuna kisanduku cha sadaka kwa anayetaka. Hekaluni huingii kwa tiketi. Mwaka Mpya wa Kichina wa chuoni kwa kawaida hautozi, wa hotelini huwa kwa mwaliko. Garba ndiyo inayotaka mipango: baadhi ya kumbi ni za jumuiya fulani, kama Walohana au Wapatidar, na mgeni huingia kwa pasi kupitia mwanachama, nyingine huuza tiketi, na usiku wa mwisho wa juma hugharimu zaidi. Mwambie mfanyakazi mwenzako au mwenye duka unayenunua kwake kwamba unataka kwenda. Uliza siku za mwanzo, katikati ya juma, ambapo uwanja una nafasi ya kujikwaa.

Lugha

Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati asiyoijua. Wazee wengi wa Kihindi waliozaliwa Jinja, Mbale, Kisumu au Mwanza wanazungumza Kiswahili cha kununulia na kuuzia, na wengine cha kufanyia mzaha. Ukimkuta mzee wa Kisingasinga mlangoni, mpe shikamoo yake. Uso wake utakujibu kabla ya mdomo. Waliokuja kutoka India miaka ya karibuni hawakijui, watatumia Kiingereza. Kwenye shughuli ya Kichina mambo yote ni Kichina na Kiingereza, ila mwanafunzi wa Uganda anayejua Kichina atakutafsiria kwa furaha.

Kuileta mtaani kwenu

Vikundi vingine havitaki kwenda. Vinataka kuandaa siku yao shuleni au kwenye uwanja wa mtaa. Basi usichague kinachohitaji jukwaa. Kukata karatasi kunataka karatasi nyekundu na mikasi isiyo na ncha, na mtu mmoja anayejua kukunja. Dandiya inachezeka uwanja wa shule kwa vijiti vilivyokwanguliwa vizuri visiwe na vibanzi, bila taa wala picha ya ibada, mradi umemwalika anayeijua aifundishe na aeleze inatoka wapi. Usiigize usichofundishwa, wenyewe wakija watajisikia wamechezewa.

Kuliko vyote napendekeza hina. Wahindi huipaka kwenye harusi na sikukuu, wanawake wa Kiswahili na wa Kinubi huipaka kwenye harusi na Idi. Weka mkeka mmoja, mpakaji wa Kigujarati upande huu na wa Kisenyi upande ule, wapake mikono ya watu huku wakitazamana kazi. Michoro ya Kihindi hujaza kiganja chote kwa nyuzi nyembamba na tausi. Ya Kiswahili hupenda maua makubwa yanayopanda mkononi na kuacha ngozi ikipumua. Hapo hakuna mwenyeji wala mgeni, kila upande una la kufundisha. Sharti moja tu: hina halisi, yenye rangi ya kahawia au nyekundu, iachwe saa kadhaa. Piko nyeusi inayochanganywa na rangi ya nywele isikaribie ngozi ya mtoto, inaunguza na kuacha makovu.

Nani aende wapi

Familia ambayo haijawahi kuhudhuria sherehe yoyote ya Waasia ianze na Vaisakhi. Ni mchana, ni bure, chakula hakina utata, na ndani ya saa moja mtakuwa mmefanya kazi na wenyeji. Vijana, na yeyote ambaye miguu yake haitulii akisikia ngoma, waende Navratri, usiku mmoja wa mwanzo na mwingine wa mwisho wakiweza. Shule ichague Mwaka Mpya wa Kichina, hasa kama ina wanafunzi wanaofikiria kusoma lugha hiyo. Wazee na wapenda utulivu wataifurahia Annakut. Diwali ya fataki naiacha kwa aliyealikwa, au aliye na hamu ya kupiga picha.

Ukiniuliza mimi nikibaki na usiku mmoja tu wa mwaka, nitauchukua wa garba. Lakini sitakudanganya kwamba unamfaa mama mwenye mtoto mchanga na safari ya kurudi Nansana.

Tarehe zinahama kwa sababu Wahindi na Wachina hufuata mwezi. Mwaka 2026 Navratri inaanza 11 Oktoba na Diwali ni 8 Novemba. Mwaka 2027 Mwaka Mpya wa Kichina ni 6 Februari, Holi 22 Machi, na Diwali 29 Oktoba. Vaisakhi peke yake inabaki Aprili 13 au 14, ila gurdwara nyingi husogeza mjumuiko mkubwa hadi Jumapili ya karibu, kwa hiyo ulizia wiki moja kabla, na useme mtakuwa wangapi ili jikoni waongeze unga.